Kijana, bomba la maji halitakuokoa gari likipinduka

Jumamosi iliyopita umeme ulirudi mtaani kwetu Kinindo saa tisa alasiri, na kabla sijapata nafasi ya kupiga pasi shati la Jumatatu nikaona cheche zinaruka juu ya ukuta wa jirani. Nilidhani wanatengeneza geti. Punde kijana wa pale, ambaye nilimfundisha hesabu miaka minane iliyopita, akaniita kwa furaha: "Mwalimu, njoo uone!"

Nilikwenda. Gari lake, Toyota Altezza nyeupe iliyoshukia bandari ya Dar es Salaam na kuingia nchini kwa Kobero, lilikuwa limeng'olewa viti vya mbele, zulia na plastiki zote za ndani. Fundi kutoka Buyenzi alikuwa amejikunja humo na mashine yake ya kuchomelea, akiunga mabomba kutoka sakafuni hadi chini ya paa na kurudi tena sakafuni. Vijana wanaita keji. Mimi nitakiita kizimba, maana ndivyo kilivyo: kizimba cha vyuma ndani ya gari, ili gari likipinduka paa lisimbonyee dereva. Pembeni, juu ya mkeka, walikuwa wamelaza viti viwili vyekundu vya mbio, vile vinavyomkumbatia mtu mabegani na kiunoni. Na hatua tatu kutoka kwenye cheche, ndugu msomaji, lilikaa dumu la petroli la lita 20. Miaka hii ya foleni za mafuta nani anaweka dumu lake mbali na macho? Niliondoa dumu kwanza, ndipo nikasalimia.

"Mwalimu, sasa hata nikipinduka mteremko wa Bugarama nitatoka nikijipangusa vumbi tu," kijana akaniambia.

Niliweka mkono kwenye chuma. Lilikuwa bomba la maji la inchi moja na nusu, lile la zinki, ambalo wengi wetu tumelifukia uani kuleta maji jikoni.

Kabla mtu hajasema kwamba mwalimu amekosa kazi ya kufanya, niseme kwamba sisi tuliotahuka ndio wa mwisho kudharau kitu cha kujitengenezea. Nimezaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, wazazi wangu wakiwa wamekimbia mwaka 1972. Nimesoma kwa koroboi ya kopo, nimecheza mpira wa nailoni na kamba, na baba yangu alilisha watoto saba kwa kufufua baiskeli ambazo wenye maduka walikuwa wamekwisha kuzikataa. Tuliporudi mwaka 2008 tulikuta wenzetu wanatucheka Kifaransa chetu, lakini hawakucheka mikono yetu.

Ni mikono hiyo hiyo iliyonifundisha kuogopa. Nikiwa darasa la sita, uma wa mbele wa baiskeli ya kaka yangu ulikatika. Baba akauunga, akausugua, akaupaka rangi, ukang'aa kuliko mwanzo. Kaka akapakia magunia mawili ya mahindi. Katika mteremko wa kwanza uma ukakatika tena, na wala haukukatikia pale palipoungwa. Ulikatikia nusu inchi pembeni, mahali ambapo moto ulikuwa umekidhoofisha chuma bila jicho la mtu kuona. Kaka yangu ana meno ya bandia mpaka leo. Baba aliendelea na minyororo, breki na matairi, ila uma wa baiskeli ya mtu hakuugusa tena.

Basi nilipokiona kizimba cha jirani nilitazama pembeni mwa maungio, sikutazama maungio yenyewe.

Kizimba halali si siri ya wazungu. Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, vipimo vyake viko hadharani. Upinde mkuu, unaosimama nyuma ya viti, uwe wa bomba la chuma lisilo na mshono, lenye kipenyo cha milimita 45 na unene wa milimita 2.5, au kipenyo cha milimita 50 na unene wa milimita 2. Kila mguu wa kizimba ukalie bati la kuimarisha lenye unene wa milimita 3 na ukubwa usiopungua sentimita 120 za mraba, yaani kama sentimita 11 kwa 11. Mguu ukifungwa kwa bolti, ziwe angalau tatu za milimita 8, zile ngumu, si zile za kitanda. Na popote ambapo mwili au kofia ngumu ya dereva inaweza kugonga bomba, pavikwe sponji maalumu.

Kijana aliposikia hayo alicheka. "Mwalimu, hili langu lina unene unaozidi milimita 3. Ni nene kuliko la FIA!"

Ni kweli, na ndiyo maana amenaswa. Bomba la maji kwa kawaida ni bati refu lililokunjwa na kuungwa kwa mshono kuanzia mwanzo hadi mwisho. Limetengenezwa lipitishe maji, basi. Kiwanda hakikukuahidi litafanya nini likikunjwa kisha gari zima likaliangukia. Na lilikunjwa vipi? Lilijazwa mchanga, likapashwa moto, likazungushwa kwenye shina la mwembe. Kwenye kona kwa ndani limebonyea, limekuwa kama mrija wa soda uliokunjwa, na kila mtoto anajua mrija uliokunjwa mara moja utakunjikia wapi mara ya pili. Miguu imechomelewa moja kwa moja kwenye sakafu ya gari, bati ambalo unene wake haufiki hata milimita moja. Gari likitua kwa paa, mguu ule hautazuia kitu. Utatoboa sakafu kama msumari unavyotoboa kopo, na paa litashuka vilevile.

(Fundi naye alikuwa anakohoa. Zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe unaoleta homa usiku. Alikuwa amekunywa pakiti ya maziwa, dawa ya mafundi wote kuanzia Buyenzi hadi Kariakoo. Nijuavyo mimi, dawa ni kuikwangua zinki kabla ya kuchomelea na kufanya kazi penye hewa.)

Afrika Mashariki hatukuanza jana mambo haya. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh, mtoto wa Kericho na fundi wa gereji, aliishinda mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976, na ile ya kwanza alishinda na Volvo iliyokuwa imekwisha kutumika katika mashindano. Kwa hiyo mtu asinieleze kwamba gari la mitumba au mkono wa fundi wetu ndio tatizo.

Wa pili wa kumkumbuka ni Ari Vatanen wa Finland. Alishinda Safari mwaka 1983 na Opel. Miaka miwili baadaye, huko Argentina, Peugeot yake ilibiringika kwa kasi kubwa. Gari lilikuwa la kiwanda, lenye kizimba cha wataalamu. Kilichomponza ni kiti: kilichomoka mahali kilipofungwa, naye akarushwarushwa humo ndani akaumia karibu na kufa. Ilimchukua zaidi ya mwaka kurudi kwenye mashindano. Kama kiti cha kiwanda kinaweza kung'oka, kiti kilichokalia vipande viwili vya chuma bapa, kila kimoja na bolti moja mbele na moja nyuma, kitafanya nini?

Hapa nataka kuzungumza na ninyi wenzangu mnaovuka mipaka na mizigo, wa Kobero, wa Mugina, wa Gatumba. Viti hivi vyekundu kijana alivipata kwa mfanyabiashara aliyevileta pamoja na vipuri vya mitumba. Mfanyabiashara huyo hakudanganya. Aliulizwa bei, akataja bei. Lakini kiti cha mbio chenye kibali cha FIA kina lebo iliyoshonwa, na kwenye lebo kuna namba ya kibali na tarehe ya kutengenezwa. Kwa viti vya kawaida vya mbio muda wake ni miaka mitano tangu tarehe hiyo, kwa sababu ganda la kiti huchoka, hasa kama kimekwisha kupata ajali moja. Nilivigeuza viti vile. Kimoja kilikuwa na nyuzi pale ambapo lebo ilikuwa. Cha pili hakikuwahi kuwa na lebo maishani mwake, na ganda lake lilikuwa na ufa uliozibwa kwa gundi na kupakwa rangi nyeusi. Wewe unayejua kukagua noti bandia gizani, utashindwa kusoma lebo ya kiti? Mteja akikuuliza, mwambie ukweli: hiki ni cha urembo, hiki ni cha kazi.

Mikanda nayo ina mambo yake. Kijana alinunua ile ya pointi nne, akafunga ya mabegani kwenye sakafu nyuma ya kiti. Mkanda wa bega ukishuka namna hiyo, gari likigonga unavuta bega kwenda chini na kuukandamiza uti wa mgongo. Inatakiwa uende nyuma karibu na usawa wa bega, na usiteremke zaidi ya nyuzi 45. Hiyo ni jometri ya darasa la nane, na nilimfundisha mimi mwenyewe.

Wapo watakaosema: mwalimu, afadhali kizimba kibovu kuliko kukosa kabisa. Ningekubali kama kijana angekuwa anakwenda Naivasha kushindana, amevaa kofia ngumu. Haendi Naivasha. Anakwenda Avenue du Large kununua mkate. Altezza ilitoka kiwandani na mkanda ambao gari likigonga humwachia mtu asogee kidogo, na mfuko wa hewa wa kumpokea. Ukiweka bomba tupu hapo kichwa kinaposogea, umeweka nyundo mahali palipokuwa na mto. Nilimkalisha kijana kwenye kiti chake kipya nikapima kwa rula ya darasani: kutoka sikio lake hadi bomba la pembeni ni sentimita 12. Haihitaji kupinduka Bugarama. Inatosha kugongwa ubavuni kwenye njia panda na mtu anayetafuta petroli huku anasoma simu.

Ningeweza kunyamaza hata hapo. Ni mtu mzima, fedha ni zake, na mama yake hajaniomba ushauri. Lakini gari hilo hilo ndilo linalowaleta wadogo zake wawili shuleni kwangu kila asubuhi, mmoja ana miaka tisa, mwingine sita. Wanakaa nyuma. Mabomba mawili ya kuegemeza upinde yanashuka kutoka juu hadi nyuma ya gari, na yanapita katikati ya mahali wanapokaa. Yule wa miaka tisa akisimama kidogo kumwonyesha mwenzake kiboko ameachia nyayo kwenye mchanga usiku, paji la uso wake liko sawasawa na chuma.

Jumatatu baada ya vipindi nilikwenda Buyenzi na kipande cha bomba kilichobaki, kile kilichokunjwa kisha kikakataliwa kwa kuwa kifupi. Fundi alinipokea vizuri. Tulikisimamisha kati ya chesisi ya lori bovu na jeki ya chupa, tukaanza kupandisha. Sijui niseme nilitegemea nini. Hakikupiga kelele. Kilikunjika pale pale kwenye kona iliyobonyea, taratibu kama mtu anayepiga goti, na upande wa nje mshono ukafunguka kiasi cha kuingiza ukucha. Mkono wa jeki ulikuwa bado mwepesi, hata mwanafunzi wangu angeupandisha.

Mafundi wawili wa jirani walikuwa wamesogea kutazama. Fundi wetu alikiokota kipande, akakigeuzageuza, akasema, "Mwalimu, mimi nilichomelea kama geti. Niliambiwa chuma, nikaweka chuma." Hakuwa na hasira. Aliniomba nimwandikie vile vipimo kwenye karatasi: kipenyo, unene, bati la chini, bolti. Nimemwandikia kwa Kiswahili, akabandika ukutani karibu na mashine. Kama wewe unayesoma haya una njia ya kupata mabomba yasiyo na mshono kutoka Dar es Salaam au Kampala, fundi huyo sasa anajua aulize nini, na wapo vijana wengi zaidi ya mmoja wanaotaka vizimba.

Kijana bado amenikasirikia. Jana alikuja na msumeno wa chuma kuniuliza, bila kunitazama, kama akikata yale mabomba mawili ya nyuma na kurudisha viti vya kiwandani mpaka apate fedha ya kazi halali, sakafu itakuwa imeharibika. Nilimwambia itahitaji kukwanguliwa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu, na kwamba asianze kabla hajatoa waya wa betri. Viti vya kiwandani, ikawa, alikuwa ameviuza Ijumaa. Leo watoto wamekuja shule kwa miguu, tukaongozana.