Mwenye Kazi Ashike Kalamu

Mwaka 1998, kampuni ya Rational ya Marekani ilipoanza kuuza utaratibu wake wa kutengeneza programu kwa jina la Rational Unified Process, maarufu kama RUP, mteja hakununua kitabu cha kuweka kabatini. Alinunua tovuti. Kurasa zake ziliwekwa kwenye seva ya ndani ya kampuni, kisha mchambuzi, mwandika msimbo au mjaribu akabofya jina la kazi yake na kuona yanayomhusu: anapokea nini, anafanya nini, anamkabidhi nani.

RUP inasemwa vibaya siku hizi kwa sababu ya ukubwa wake, na kwa kweli ulikuwa mzigo. Lakini Philippe Kruchten na wenzake walioiandika hawakukusudia kila mradi uibebe yote. Timu ilitakiwa ichague, ikate, halafu iandike ilichobakiza. Hata waraka wa kuandikia uteuzi huo ulikuwemo. Wengi waliruka hatua hiyo. Walipakia tovuti nzima kama ilivyotoka dukani, kisha wakalalamika kwamba haiwatoshi au inawapwaya.

IBM ilipokwisha kuinunua Rational mwaka 2003, kazi ya kukata na kushona ilitengenezewa chombo chake, na sehemu yake ikatolewa bure kupitia jumuiya ya programu huria ya Eclipse mwaka 2006 kwa jina la EPF Composer. Humo huigusi kazi ya awali. Unaandika kipande chako kando, unakiambia kama kinaongezea, kinarithi au kinachukua nafasi ya kile cha asili, kisha unachagua vipande vya mradi wako na kuchapisha. Kompyuta inakupa folda ya kurasa za HTML, tayari kwa seva ya ndani. Ya asili ikiboreshwa mwaka kesho, marekebisho yako hayapotei. Sijaona kitu cha akili zaidi ya hicho katika uwanja huu, na inaniudhi kuwa vijana wanaoanza kazi leo hawajakisikia.

Kilipokosea ni kwenye kalamu. Chukua ukurasa wa kutoa toleo jipya. Hatua ya nne inamwambia mtu anakili faili kwa mkono hadi kwenye seva, wakati kazi hiyo sasa inafanywa na hati ya amri inayojiendesha yenyewe. Msomaji anaona kosa palepale, ila kwenye ukurasa hana pa kulisahihisha. Inabidi amwandikie mhandisi wa mchakato, naye afungue Composer, arekebishe, achapishe upya, aipeleke folda kwa msimamizi wa seva. Nani atajisumbua hivyo kwa ajili ya mstari mmoja? Anamnong'oneza jirani yake namna kazi inavyofanyika kweli, na kuanzia hapo ofisi ina taratibu mbili: ulioandikwa na unaofuatwa. Watu wa EPF wenyewe waliliona tatizo, ndiyo maana ukazuka mradi wa EPF Wiki, uliowaruhusu wasomaji kuhariri kurasa zilizochapishwa ili wahandisi wayakusanye mabadiliko hayo na kuyarudisha kwenye chanzo. Ajabu ni kwamba tovuti ya kwanza kabisa ya aina ya wiki, yaani inayohaririwa na wasomaji wake, aliyoizindua mwandika programu Ward Cunningham Machi 1995, ilikuwa ya waandika programu wakijadili namna ya kufanya kazi yao. Dawa ilikuwepo kabla ya RUP kupewa jina.

Kampuni ya programu ya GitLab imekwenda mbali zaidi. Mwongozo wake wa kazi, wenye kurasa zaidi ya 2,000, uko wazi kwa yeyote mwenye intaneti, na mfanyakazi anayetaka kuubadili anapeleka pendekezo kwa njia ileile anayopelekea mabadiliko ya msimbo. Kurasa elfu mbili ni nyingi mno kwa mawazo yangu. Njia ya kuzirekebisha, hata hivyo, ndiyo ninayoitetea.

Wakaguzi watauliza: kila mtu akiandika, nani atajibu? Benki na wizara hutaka utaratibu uliotiwa saini. Swali ni la haki. Lakini hifadhi ya msimbo inatunza nani alibadili mstari gani, tarehe gani, na nani aliukubali. Mkaguzi anayeridhika na saini kwenye jalada la miaka mitatu iliyopita anapata ushahidi hafifu kuliko huo.

Timu ya watu wanne haihitaji EPF Composer. Inahitaji kurasa chache: namna ya kutoa toleo, namna ya kulirudisha nyuma likiharibika, nani anapigiwa simu. Ziandikwe kwa lugha ambayo timu inaongea mfumo unapoanguka saa nane usiku. Kama ni Kiswahili, basi Kiswahili. Na zikae ndani ya hifadhi ileile ya msimbo, si kwenye tovuti ya pembeni yenye nywila ya mtu mmoja. Anayebadili hati ya kutoa toleo abadili na ukurasa wake katika ombi lilelile la mabadiliko, na mhakiki alirudishe ombi lisilo na ukurasa kama anavyorudisha lile lisilo na majaribio. Wapo wanaoona sharti hilo ni kali kupita kiasi kwa kampuni changa. Mimi bado sijashawishika.