Moshi wa restora: mwenye nyumba naye ajibu

Kila mara wakaguzi wa hijeni wanapoingia katika restora ndogo za Lubumbashi, ulizo ni lilelile: "Hewa iko?" Mama restora anaonyesha mulango na dirisha ya barabarani. Wanaandika, wanaomba karatasi, saa ingine faini inalipwa, wanaenda. Kesho yake moshi ungali palepale chini ya malata.

Hatuko hapa kwa kupinga ukaguzi. Sheria yenyewe ni ya zamani kuliko wengi wetu: ordonansi ya 1953 ilisema tayari juu ya kazi zenye hatari, zenye kuharibu afya ao zenye kusumbua majirani, na dekreti ya mwezi wa 5 wa 2013 ilifuata njia ile. Sheria hatukosi. Kinachokosa ni mutu wa kumwambia mama: toboa hapa, weka tiyo pale.

Mulango na dirisha za upande mumoja hazitoshi. Hewa ya moto inapanda. Kama haipate pa kutokea huko juu, inajaa chini ya malata, kisha inashuka mpaka ku uso wa yule anayesonga bukari. Lazima matundu mawili: moja chini, hewa safi iingie, na moja juu, ya moto itoke. Juu ya mbabula, kofia ya bati yenye kuipita mbabula kwa upana, na tiyo yenye kupenya malata na kupita kilele cha paa, na kifuniko kidogo juu ya mvua. Sudere yeyote wa kartiye anaweza kuitengeneza. Ventilatere ambayo wengi wananunua haitoe moshi inje, inauzungusha tu katikati ya wateja. Na mashine ya kuvuta moshi, siku umeme unakatika, inakuwa pambo la ukuta. Tiyo haiombe umeme.

Tena ubaya mukubwa hauonekane. Makala ikiisha kushika vizuri, moshi unapunguka na watu wanafikiri hatari imepita. Hapo njo kunabakia gazi ya monoksidi ya kaboni: haina harufu, haina rangi. Inakamata nafasi ya oksijeni ndani ya damu; kichwa kinauma, kizunguzungu, kutapika, usingizi, na mutu anaweza kufa. Mwezi wa 6 na wa 7 baridi ikishika, sisi wateja njo wa kwanza kusema: "Mama, funga mulango!" Shirika la Afya Duniani (OMS) lilihesabu kwamba moshi wa kupikia manyumbani uliua watu karibu milioni 3,2 katika mwaka wa 2020. Na yule wa restora hapike mara moja ao mbili kwa siku. Anasimama pale tangu asubuhi sana mpaka magaribi, wengine na mutoto ku mugongo.

Sasa, juu ya nini hatoboe? Juu nyumba haiko yake. Alilipa garanti ya miezi kazaa, mukataba ni karatasi moja, na siku atagusa malata, mvua ya kwanza ikivuja, atafukuzwa na masufuria yake. Faini inamwangukia yule asiyekuwa na haki ya kugusa ukuta, na mwenye haki hiyo anapita tu mwisho wa mwezi kukamata falanga zake. Hapo sisi hatuelewe.

Tunaomba komini jambo moja. Mbele ya kutoa ruhusa ya kufungua restora, iombe sinyatire mbili: ya mama restora na ya mwenye nyumba, chini ya karatasi moja ya Kiswahili yenye mchoro wa matundu mawili, kofia na tiyo. Mama ajibu juu ya mbabula na usafi. Mwenye nyumba ajibu juu ya ukuta na paa. Faini ije tu kisha kuwapa muda wa kutengeneza, na imfikie yule ambaye sehemu yake haikufanyika.

Wenye nyumba watasema malata ni bei. Ni kweli, lakini wanapolipisha bei ya restora kuliko bei ya chumba cha kulala, wanajua vizuri nini itapikwa ndani. Yule anayekataa tiyo, apangishe nyumba yake kama depo.