Jibu lililopotea njiani lisimtie hasara mkulima wa Babati

MSIMU wa mbaazi unapofika wilayani Babati, fedha nyingi hazionekani tena kwa macho. Mnunuzi anapima gunia, anatoa simu, anabonyeza nyota na reli, anaingiza namba ya siri, na mkulima anasubiri ujumbe.

Ujumbe usipoingia, ugomvi unaanza. Mnunuzi anaapa ametuma, mkulima anaapa hajapata, na gunia limeshapandishwa kwenye Fuso. Akituma tena, huenda amelipa mara mbili. Asipotuma, huenda mkulima ametoa mzigo bure.

Kauli ya "mtandao unasumbua" imekuwa kichaka cha kujifichia. Ukweli ni kwamba hapo zinazungumza programu mbili: moja ni mteja, inayopeleka ombi, na nyingine ni seva, inayotekeleza na kurudisha jibu. Seva hiyo inaweza kuwa mbali mno. Hata zile za M-Pesa ya Kenya zilikaa Ujerumani hadi mwaka 2015. Ombi linaweza kupotea likienda. Seva inaweza kuzimika katikati ya kazi. Au kazi ikafanyika yote, fedha zikahama, kisha jibu likapotea likirudi. Kwa aliyeshika simu, yote matatu yana sura moja: kimya.

Tangu kampuni za simu nchini zilipoanza kuunganisha mifumo yao mwaka 2014, ombi la kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine hupita kwenye seva zaidi ya moja, na kila kituo ni mahali pengine pa kupotelea jibu.

Dawa yake si ngeni. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Xerox huko Marekani, Andrew Birrell na Bruce Nelson, walieleza namna ya kulipa kila ombi namba yake tangu linapotoka kwa mteja. Likirudiwa kwa namba ileile, seva hutambua kuwa ni lile la kwanza na hairudii kazi.

Baadhi ya mifumo imechagua njia ya mkato: inazuia kiasi kilekile kwenda kwa mtu yuleyule ndani ya dakika chache. Huko ni kubahatisha. Mnunuzi anayelipia magunia mawili ya bei moja, moja baada ya jingine, anakataliwa bila kosa, na anayesubiri mpaka muda huo upite analipa mara mbili bila kujua.

Benki Kuu, ambayo Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 imeipa usimamizi wa huduma hizi, iwabane watoa huduma katika hili. Mtumaji aliyekosa jibu apewe kwenye menyu sehemu ya kuuliza "ombi langu la mwisho limefikia wapi?" na ajibiwe palepale, badala ya kupanga foleni ya simu kwa huduma kwa wateja huku Fuso likiunguruma. Mkulima amepigana na lumbesa miaka mingi, na angalau lumbesa ilionekana.

Kwa sasa, aliyeko Galapo au Dareda asikubali gunia lipakiwe kwa kuonyeshwa meseji kwenye simu ya mnunuzi. Aingie kwenye menyu yake mwenyewe, aangalie salio, ndipo aite wapakiaji.