Skylake Si Ziwa la Anga

Wenzetu wa darasa la tafsiri wanataka kila neno la kompyuta livishwe Kiswahili, hata majina ya prosesa: Skylake iwe Ziwa la Anga, Sandy Bridge iwe Daraja la Mchanga. Wanadai huko ndiko kukuza lugha. Mimi naona huko ni kumpoteza mnunuzi.

Jina la msimbo ni jina ambalo wahandisi huipa prosesa ingali inabuniwa, kabla ya wauza bidhaa kuipa jina la sokoni. Halielezi kitu. Intel imezoea kuazima majina ya mahali, maana mto hauendi mahakamani. Willamette na Nehalem ni mito ya Oregon. Haswell ni mji mdogo wa Colorado. (Apple waliipa kompyuta yao jina la mwanaastronomia Carl Sagan, alilalamika, na ugomvi ukaishia kortini.) Sandy Bridge yenyewe, iliyobuniwa Israeli, ilianza kuitwa Gesher, neno la Kiebrania la daraja. Mchanga uliongezwa baadaye tu. Sasa mtafsiri anatafsiri nini hapo?

Twende kwenye meza ya muuza laptopu za mtumba hapa Gisenyi. Kibandiko cha Core i7 kinang'aa, na bei imepanda kwa ajili ya kibandiko hicho. Lakini Core i7 ni jina la tangu 2008. Ile iitwayo i7-2620M ni Sandy Bridge ya 2011, yenye viini viwili. I5-8250U ya 2017 ina vinne. Tena Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, ukiacha chache mno, na Windows 10 ilikoma kupata huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mwanafunzi aliyechanga pesa za muhula mzima anabebeshwa mzee aliyepakwa rangi. Jina la sokoni limeficha umri. Jina la msimbo linautaja. Andika Sandy Bridge kwenye simu, mwaka unatokea papo hapo. Andika Daraja la Mchanga, utaonyeshwa madaraja.

Watanijibu kwamba tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda, hivyo hakipaswi kuogopa teknolojia. Sawa, na kisiogope: prosesa, kiini, kizazi, kumbukumbu, haya tuyabishanie hadi usiku, kwa kuwa ni istilahi na zina kazi ya kueleza. Jina lina kazi nyingine. Tangu mageuzi ya utawala ya 2006 wilaya yetu ni Rubavu, na bado aendaye ufukweni husema anakwenda Gisenyi. Majina yote mawili yanaishi, wala hakuna aliyetuomba tuyatafsiri ili mgeni atufikie. Nyiragongo nayo hatujaipa jina la Kiswahili, na kila mtu anajua ni mlima upi unaotoa moshi ule.

Walioandaa orodha ya istilahi za darasa wafute safu ya tafsiri za majina haya. Nafasi hiyo waandike mwaka wa kila prosesa.