Kamba ya fundi wa kupaua iingie kwenye bajeti ya nyumba

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu majengo zaidi ya milioni 14 nchini Tanzania. Mengi yameezekwa kwa bati, na bati hilo lilipigiliwa na fundi aliyechuchumaa juu ya papi, misumari mfukoni, nyundo mkononi na ndala miguuni. Ukipita Chanika, Goba, Kibaha au pembezoni mwa Mwanza siku yoyote ya kiangazi utamwona akiwa mita 4 au 5 kutoka ardhini. Hana kofia ngumu wala kamba, na makubaliano yake na mwenye nyumba yalifanyika kwa mdomo, pengine kwa simu.

Mwenye nyumba huyo ametunza risiti ya kila mfuko wa saruji. Amehesabu tofali, nondo, mbao, hadi kilo za misumari. Usalama wa mtu anayempandisha juu haumo kwenye daftari lake. Gharama hiyo ameachiwa fundi, na fundi naye, kwa kuwa anagombea kazi na wenzake, huikata ili bei yake ishuke. Hapo ndipo pa kurekebisha. Ulinzi wa fundi wa kupaua ni sehemu ya gharama ya paa, na wa kuulipia ni mwenye paa.

Wengi hudhani kupaua ni kupigilia bati. Bati huja mwisho. Kazi huanzia chini, fundi akipima boma kona kwa kona ili ajue kama kuta zimekaa mraba. Kama fundi mwashi alipindisha ukuta kwa sentimita chache, kosa litajitokeza juu, na wa kulitafutia dawa ni fundi wa kupaua. Ndipo anapokadiria mwinuko, anakata mbao za kenchi, anazisimamisha moja baada ya nyingine na kuzifunga ili zisilale, kisha anapiga papi. Mbao nyingi hutoka Mafinga na Njombe. Zikipanda zikiwa mbichi hujipinda baada ya kuezekwa, na zisipotiwa dawa huwa chakula cha mchwa. Mtu anayeyajua yote hayo na kuyakokotoa kichwani bila kikokotoo ni mtaalamu, hata kama hajawahi kukaa darasani.

Bati lenyewe lina adabu zake. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, ingawa namba yake ni ndogo, na mnunuzi asiyelijua hilo huuziwa jepesi akidhani amepata bora. Kwenye bati la migongo ya kawaida msumari hupigwa juu ya mgongo, maana bondeni ndiko maji yanakopita. Bati moja hulalia jingine kwa kufuata upepo wa mahali hapo, ili mvua ya kusukumwa isipenye kwenye maungio. Fundi makini hukata kwa mkasi wa bati. Mashine ya kukatia chuma huunguza rangi na madini yaliyopakwa kuzuia kutu, na cheche zake zikitua juu ya bati huacha vidoa ambavyo baada ya masika huwa kutu.

Kisha kuna upepo. Upepo ukipita juu ya paa hulivuta kuelekea juu, na nguvu hiyo huwa kubwa zaidi kwenye kingo, pembe na kileleni. Ndiyo maana misumari huongezwa pembezoni, na kenchi hufungwa kwenye lenta kwa waya au chuma kilichoachwa wakati zege linamwagwa. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia na ukanda wa pwani ya kusini, nyumba ziliharibika na familia zikakosa pa kulala. Katika dhoruba za namna hiyo, waya uliosahaulika kwenye lenta unaweza kuwa ndio tofauti kati ya paa linalobaki na linaloruka.

Kazi yenye uzito huu inafanywa katika mazingira gani? Bati la futi 10 likishikwa na upepo humvuta aliyelibeba. Likiwa na umande huteleza, na jua la saa sita huligeuza kikaango. Mafundi wazoefu hupanda asubuhi umande ukishakauka na kushuka adhuhuri. Kwenye majengo ya zamani yaliyoezekwa kwa asbesto hatari ni mbili: paa huvunjika mtu akilikanyaga, na vumbi lake, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, husababisha saratani. Hata Marekani, nchi yenye wakaguzi na vifaa, waezekaji huorodheshwa mwaka hadi mwaka miongoni mwa wafanyakazi wanaokufa zaidi kazini, na sababu kuu ni kuanguka.

Sheria za Tanzania zipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya mwaka 2003. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulitokana na sheria ya mwaka 2008. Lakini mifumo hiyo imejengwa juu ya mwajiri anayejulikana, mwenye ofisi na orodha ya watumishi. Fundi aliyeitwa na mwalimu mstaafu kumalizia vyumba vitatu huko Buza hayumo kwenye orodha yoyote. Akianguka, hospitali hulipwa kwa michango ya kundi la WhatsApp, na saidia fundi aliyekuwa akimpa bati kutoka chini hurudi nyumbani bila ujira wa siku hiyo.

Wapo watakaosema mafundi wenyewe hawataki kufungwa, kwamba kamba inawachelewesha. Ni kweli wengi husema hivyo, na sababu yake inaeleweka. Wanalipwa kwa jumla, kwa hiyo kila saa inayoongezeka inatoka mfukoni mwao. Muda wa kufunga kamba na kusimamisha jukwaa ukiwekwa kwenye bei, sababu ya kuikwepa itapungua sana.

Wapo pia watakaosema ujenzi tayari ni ghali. Hata hivyo ngazi imara iliyofungwa juu, jukwaa la mirunda kuzunguka ukuta, viatu vyenye soli ya mpira na mikanda ya usalama ya mafundi wawili ni sehemu ndogo ya bei ya bati la nyumba nzima. Wala si lazima kila mtu anunue. Wajenzi wamezoea kukodi mashine za kuchanganyia zege, vaibreta na mirunda. Wanaokodisha vifaa hivyo waongeze mikanda na kamba, zikaguliwe kila zinaporudi, na fundi azichukue kwa siku anazozihitaji.

Upande wa ujuzi nao una njia iliyokwisha kufunguliwa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mtaani. Fundi wa kupaua akipimwa na kupewa cheti, mwenye nyumba anapata kigezo zaidi ya maneno ya jirani, na fundi anapata hoja ya kudai bei halali. Kenya, kupitia Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, imewaweka mafundi stadi wa ujenzi ndani ya mfumo wa usajili. Tanzania haina sababu ya kuwaacha wake nje.

Malalamiko ya wenye nyumba pia yana msingi. Wapo mafundi wanaochukua malipo ya awali na kuhamia kazi nyingine, na wapo wanaoacha paa linalovuja mvua ya kwanza. Dawa ya malalamiko hayo na ya ndala juu ya papi ni karatasi moja, yenye sahihi mbili na shahidi. Iandikwe aina ya mbao, geji ya bati, malipo ya awamu tatu, muda ambao fundi atarudi kuziba panapovuja bila malipo, na nani analeta ngazi, jukwaa na mikanda. Iandikwe pia nani atalipa matibabu mtu akiumia.

Halmashauri zinaweza kuanza kesho. Mwombaji wa kibali cha ujenzi hupeleka michoro, na michoro hiyo huonyesha paa. Aambatanishe pia karatasi hiyo kabla ya kupaua, na afisa anayekuja kukagua lenta aulize mambo mawili: waya wa kufungia kenchi uko wapi, na kamba ya fundi iko wapi. Asipoonyeshwa vyote viwili, bati lisipande.