Rangi ya Chakula na Macho ya Mnunuzi

Tarehe 15 Januari 2025 idara ya Serikali ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa ilifuta ruhusa ya kutia chakulani rangi nyekundu iitwayo eritrosini, ambayo kwa Wamarekani ni Nyekundu Namba 3. Wenye viwanda vya chakula walipewa muda hadi Januari 2027 wawe wameiondoa katika pipi, keki na vitu vingine wanavyoviuza. Huku kwetu habari hiyo ilipita kama habari ya mbali. Sisi twaona kwamba si ya mbali hata kidogo, na yafaa tuichambue.

Jambo la kwanza la kustaajabisha ni tarehe zenyewe. Rangi hiyo hiyo ilikuwa imekwisha katazwa na idara hiyo hiyo tangu mwaka 1990, lakini katika vipodozi na dawa za kupaka. Sababu ilikuwa majaribio yaliyoonyesha kwamba panya dume waliolishwa rangi hiyo kwa wingi walipata uvimbe wa saratani katika tezi ya shingo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1960 yasema wazi kwamba rangi iliyothibitika kuleta saratani kwa binadamu au kwa mnyama haiwezi kuruhusiwa. Basi kwa muda wa miaka 35 mwanamke wa Marekani alikatazwa kujipaka rangi hiyo midomoni, na mtoto wake akaruhusiwa kuila.

Hatuna budi kusema kweli yote. Wataalamu wa idara hiyo walieleza kwamba njia iliyowaletea panya ugonjwa haionekani kuwa hivyo kwa binadamu, na kwamba hakuna uthibitisho wa mtu aliyepata saratani kwa kula rangi hiyo. Kwa hiyo hatuandiki haya ili kumtia hofu aliyekwisha kula pipi nyekundu. Twaandika ili ionekane kwamba sheria, hata katika nchi tajiri yenye maabara nyingi, huenda kwa mwendo wa kinyonga. Baina ya siku jambo linapojulikana na siku linapokatazwa, mnunuzi hubaki peke yake dukani.

Ulaya ilifuata njia nyingine. Mwaka 2007 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walitangaza matokeo ya majaribio yao juu ya watoto wa miaka 3 na wa miaka 8 hadi 9. Watoto hao walinyweshwa kinywaji chenye mchanganyiko wa rangi za viwandani pamoja na dawa ya kuhifadhi iitwayo sodiamu benzoeti, na baadhi yao walionekana kuzidi utundu na kukosa utulivu. Wakubwa wa Ulaya hawakuzikataza rangi hizo. Waliamuru tu kwamba tangu Julai 2010 chakula chenye mojawapo ya rangi sita zilizotajwa kiandikwe onyo kwamba chaweza kudhuru utulivu na usikivu wa watoto. Wenye viwanda wengi waliona afadhali kubadili rangi kuliko kuchapa onyo hilo. Wakageukia kiazisukari chekundu, bizari na mimea mingine. Lakini onyo hilo ni sheria ya Ulaya. Halivuki bahari pamoja na shehena inayoteremshwa Mombasa kwenda Kampala, Kigali na Bujumbura.

Yafaa tujiulize: rangi hizi hutiwa kwa faida ya nani? Hazishibishi, hazina nguvu, wala hazizuii chakula kuoza. Kazi yake ni moja, nayo ni kuyapendeza macho. Kinywaji kinachoitwa cha chungwa huweza kuwa maji, sukari, tindikali na rangi, bila chungwa kuonekana kiwandani. Rangi ni rahisi na tunda ni ghali, na tofauti ya bei huingia mfukoni mwa muuzaji. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hata hivyo, itakuwa kosa kubwa mtu akidhani kwamba hatari yote imo katika makopo na pakiti, na kwamba kila kilicho kibichi sokoni ni salama. Mwanzoni mwa mwaka 2018 wauza nyama kadhaa mjini Kampala walikamatwa kwa shutuma za kunyunyizia nyama formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, ili nzi wasiitue. Julai 2019 uchunguzi wa televisheni nchini Kenya ulionyesha nyama katika baadhi ya maduka makubwa ikitiwa dawa ya jamii ya salfaiti kupita kiasi. Dawa hiyo huruhusiwa kwa kipimo katika vyakula kama matunda makavu, lakini ikitiwa katika nyama iliyokwisha chakaa huirudishia wekundu kana kwamba imechinjwa alfajiri, na mwenye pumu akiila huweza kubanwa kifua. Hapo tena aliyedanganywa ni jicho la mnunuzi.

Na zipo sumu ambazo hakuna aliyezitia. Mwaka 2004 mashariki ya Kenya watu 317 waliugua, na 125 kati yao wakafa, kwa kula mahindi yaliyoota kuvu wenye sumu ya aflatoksini. Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku chache mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo hiyo. Mahindi hayo hayakuwa na rangi wala dawa ya kiwandani. Yalikuwa yamehifadhiwa yakiwa na unyevu. Kwa hiyo neno “asili” peke yake si kinga.

Basi mnunuzi afanye nini? Kwanza, asome maandishi ya pakiti. Vitu vilivyomo huandikwa kwa taratibu ya uzito: kilicho kingi hutangulia. Ikiwa sukari ni ya kwanza na tunda ni la mwisho, hiyo si juisi, ni sukari iliyopakwa rangi. Pili, azijue namba. Tume ya Codex, iliyoanzishwa na mashirika ya FAO na WHO mwaka 1963, ndiyo inayoweka viwango vya vyakula duniani, na vitu vinavyotiwa chakulani vimepewa namba. Namba za mia moja kwa kawaida ni rangi, na za mia mbili ni dawa za kuhifadhi. Namba 102, 110 na 129 zimo katika zile sita zinazoandikiwa onyo Ulaya. 127 ndiyo eritrosini iliyofutwa Marekani. 211 ni sodiamu benzoeti. 220 hadi 228 ni salfaiti, nazo mwenye pumu aziepuke. Lakini si kila namba ni adui: 300 ni vitamini C, na 330 ni tindikali ile ile iliyomo katika limau.

Tatu, anunue chakula ambacho sura yake yajulikana: maharage, viazi, ndizi, mayai, dagaa waliokauka vizuri. Hivyo havina orodha ya kusomwa, na mara nyingi ni rahisi kuliko vya pakiti. Karanga na mahindi yenye kuvu, yaliyobadilika rangi au kusinyaa ayachambue na kuyatupa, wala asiwape kuku. Nyama ikiwa nyekundu mno saa za alasiri, au nzi wakiikimbia, asiifurahie, aulize.

Haya twawaandikia askari na polisi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba wao ni wanunuzi kama wananchi wengine. Askari aliye lindoni hachagui chakula; hula alichopikiwa. Lakini siku ya mshahara jamaa yake huingia dukani, na watoto wa kambini hununua pipi na vinywaji vya rangi kwa senti alizowaachia. Mshahara huo haukupatikana kwa urahisi, na si haki uishie katika maji yenye rangi.

Sababu ya pili ni kazi yenyewe. Katika sheria ya jinai ya Uganda kuuza chakula chenye madhara, kwa kujua, ni kosa. Lipo Shirika la Viwango la nchi lenye wataalamu na alama yake ya ubora, lakini wakaguzi hawawezi kusimama mbele ya kila bucha na kila kibanda. Polisi apitaye sokoni kila siku, na yule wa mpakani Busia au Malaba anayefungua lori, huona mambo kabla ya mkaguzi kufika: pakiti iliyofutwa tarehe, kopo lisilo na jina la mtengenezaji, chupa ya dawa chini ya meza ya muuza nyama. Akiyajua haya, atatambua kwamba pale pana kosa. Asipoyajua, atapita, na pengine jioni atarudi mahali pale pale kuwanunulia watoto wake.

Marekani ilichukua miaka 35 kulihamisha katazo moja kutoka mdomoni hadi tumboni. Sisi hatuna sababu ya kuingojea sheria ya mtu mwingine itufundishe kusoma maandishi ya pakiti iliyo mikononi mwetu.