Mkopo wa Chuo na Watoto wa Wenye Kidogo

Chuo Kikuu cha kwanza nchini hakikuzaliwa Mlimani. Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, wanafunzi wachache wa sheria walianza masomo katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, jirani kabisa na Kariakoo. Na huko ndiko chuo kilikokaa hadi kilipohamia Mlimani mwaka 1964. Kwa miaka mingi baadaye gharama za mwanafunzi zilibebwa na Serikali. Mwalimu Nyerere alipata kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula cha mwisho cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula.

Zama hizo zimepita. Uchangiaji wa gharama uliingia, kisha Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo ilianza kazi Julai 2005. Fedha sasa ni mkopo, na mwombaji hupimwa uhitaji wake. Msingi huo ni wa haki. Ingekuwa dhihaka mtoto wa tajiri kugawiwa sawa na yatima. Ugomvi hauko kwenye kupima. Uko kwenye mizani.

Mtoto wa familia maskini kabisa anatambulika, na mtoto wa tajiri hahitaji kutambuliwa. Aliye kati yao ni mtoto wa mwalimu, wa karani, wa muuguzi, na wa mwenye fremu ndogo Mtaa wa Kongo. Mzazi wa namna hii hawezi kujiita fukara bila kusema uongo, wala hawezi kulipa ada, chakula na malazi ya miaka 3 bila kuuza kitu.

Mtazame mwalimu. Mshahara wake umeandikwa, na kila mwenye haja anausoma. Lakini waliosoma kwa mikopo ya mwanzo ya Bodi sasa wana watoto wanaoukaribia mlango wa chuo, na wako miongoni mwao ambao bado wanakatwa. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, makato hayo ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021, na hiyo ilikuwa nafuu ya kweli. Hata hivyo, mtu anayelipa deni la shule yake huku akisomesha wanawe watatu na mdogo wake mmoja hawezi kuhesabiwa sawa na mwenzake wa daraja lile lile asiye na mzigo. Mizani ikitazama kinachoingia bila kuuliza kinachobaki, inapima karatasi, haimpimi mtu.

Kwa mfanyabiashara mdogo mambo ni magumu zaidi. Mpita njia Kariakoo huona khanga zimening'inia hadi darini akadhani mwenye duka ni tajiri. Usione vyaelea, vimeundwa: sehemu kubwa ya mali ile huenda ni mali kauli, imechukuliwa kwa ahadi na italipwa ikishauzwa, na kodi ya fremu imekwisha kulipwa miezi kadhaa mbele kwa fedha za kukopa. Soko Kuu lililofunguliwa mwaka 1975 liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka papo hapo Kariakoo na kuua watu, katika msimu ule ule ambao vyuo hufungua milango. Fomu iliyojazwa miezi michache kabla ya balaa kama hilo inaeleza habari za mzazi ambaye hayupo tena.

Wako watakaosema kwamba wafanyabiashara huficha mapato. Ni kweli wapo. Hata mwenye nyumba mbili Ilala hujua kuvaa kanzu iliyochakaa siku ya kwenda kwa mtendaji wa mtaa. Lakini mwenye mshahara hana pa kuuficha, na hivyo yeye ndiye anayelipia ujanja wa wengine.

Wako pia watakaosema fungu halitoshi, na maskini atangulie. Atangulie bila ubishi. Ila mtoto wa kati haombi apewe yote. Fedha za kujikimu zilipandishwa hadi shilingi 10,000 kwa siku; yuko ambaye angetosheka na hizo tu, ada akalipa mzazi, na mwingine kinyume chake. Tena fedha hizi hurudi. Mara nyingi kijana wa aina hii hakosi kuingia chuo. Hukwama muhula wa pili, baada ya kiwanja kuuzwa na mkopo wa SACCOS kwisha, na dada yake aliyefaulu kidato cha sita akaambiwa akae dukani kwanza.

Basi fomu ihesabu wategemezi walioko shuleni na makato yaliyomo katika hati ya mshahara. Uongozi wa soko na wa mtaa, unaojua nani ameunguliwa na nani amejenga, utoe ushahidi wake kwa maandishi na uwajibike nao. Na rufaa za waliopatwa na maafa zisikilizwe mapema, kabla kijana hajafika langoni mwa chuo na begi lake akiulizwa risiti ya ada.